Mpango Uliosomwa kwa Kikamba

Siku watu wa Kavumbuni waliponyimwa jengo la kujifungulia, walipiga makofi. Mbinya alikuwa miongoni mwao, kiti cha tatu kutoka mbele, na alipiga kwa nguvu mpaka viganja vikamwasha.

Ilikuwa katika ukumbi wa kanisa, mkutano wa wananchi wa kupitisha mpango wa maendeleo wa wadi. Maofisa walikuwa wamekuja na gari jeupe, wakapanga karatasi zao mezani, na Mwalimu Nzioka, mwenyekiti wa kamati, akavaa miwani na kuanza kusoma. Alisoma kwa Kiingereza, na pale alipotaka kupumua alitia Kiswahili kidogo. Barabara fulani, lita fulani, asilimia fulani. Watu walisinzia. Kisha wakasikia maneno mawili wanayoyajua: *Kavumbuni* na *maternity*. Ukumbi mzima ukaamka. Makofi yakapigwa, mama mmoja wa kwaya akapiga vigelegele, na hakuna aliyelisikia neno la tatu lililofuata, neno *deferred*. Hata wangelisikia, lingewapita hivyo hivyo.

Mbinya ni fundi wa nguo pale sokoni. Kibanda chake kiko kati ya duka la mbegu na kinyozi, na sare nyingi za shule unazoziona Kavumbuni zimepita chini ya sindano yake. Alizaliwa Ikutha, ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, akaolewa huku Makueni na Muindi, mwanamume mpole ambaye ni mpishi katika hekalu la Masingasinga kule Makindu, mahali ambapo msafiri yeyote wa barabara ya Mombasa huingia akala chapati na dengu bila kuulizwa ni wa dini gani. Shule aliishia darasa la nane. Alikuwa amefaulu, lakini mwaka huo mama yake aliugua, na mtu wa kumwangalia alikuwa yeye. Alipokuja Kavumbuni akiwa bi arusi, wanawake wa kisimani walimcheka Kikamba chake cha Kitui, walivyokisikia kinavyovuta maneno, na miaka thelathini baadaye bado kuna waliomwita "yule wa ng'ambo".

Baada ya makofi yale, watu walingoja lori la mawe. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwezi wa tano, jirani yake Kalunde alishikwa na uchungu saa nane mchana. Zahanati ya Kavumbuni ilikuwa na chumba kimoja cha sindano na dirisha la dawa, basi. Ilibidi apelekwe Makindu. Walipanda bodaboda mbili, Kalunde mbele na shangazi yake akimshikilia kwa nyuma, Mbinya kwenye ya pili amekumbatia beseni na nguo. Kwenye mto mkavu, mchanga ukayameza magurudumu. Wakasukuma, wakashindwa. Kalunde akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Hafiki huko. Anakuja."

Mtoto alizaliwa ukingoni mwa mto, leso mbili zikiwa zimeshikwa juu kama ukuta, waendesha bodaboda wakiwa wamewapa mgongo na kutazama upande wa pili kwa heshima. Alikuwa msichana, mwenye mapafu mazuri. Mbinya alimfunga kitovu kwa uzi aliokuwa nao mfukoni, baada ya kuuchovya kwenye chai ya moto ya chupa kwa kuwa maji ya moto mengine hayakuwepo. Mama alikuwa mzima, mtoto alikuwa mzima. Wote walikuwa wanacheka na kulia kwa pamoja. Ndipo Kalunde, akiwa bado amelala juu ya leso, alipogeuza kichwa na kuuliza:

"Mbinya, si lile jengo tulilipigia makofi?"

Kesho yake Mbinya alifunga kibanda mapema, akaenda ofisi ya wadi kulitafuta.

Msimamizi wa wadi alikuwa mgeni hapo, kijana aitwaye Khalid, mtoto wa familia ya Waislamu wa Mwingi. Kikamba alikisema vizuri, kile cha kaskazini. Alimkaribisha kiti, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akafungua faili na kupitisha kidole kwenye ukurasa.

"Hapa kuna *deferred*, mwaitu," alisema, akitumia lile jina ambalo Mkamba humwitia mama yake na kila mama anayestahili heshima. "Maana yake imeahirishwa. Imesukumwa mbele."

"Mpaka lini?"

"Haijaandikwa."

"Na sisi tulikubali?"

Khalid akafunua ukurasa mwingine. Alionekana kama mtu anayetamani asingesoma kilichoandikwa pale. "Inasema wananchi waliidhinisha kwa makofi."

Mbinya hakumkasirikia kijana yule, maana wakati ule hakuwa amehamia. Hakuwakasirikia hata wale wa gari jeupe; walisoma, na walisoma mbele ya watu. Alijikasirikia mwenyewe. Mtu anayepima nguo za watu mara mbili kabla ya kukata, alikuwa amekubali jambo kubwa namna ile bila kuuliza hata mara moja.

"Mpango wa mwaka ujao umeshaandikwa?" aliuliza.

"Rasimu ipo. Lakini iko kwa Kiingereza."

"Nipe hiyo hiyo."

Khalid alimtazama kidogo, akainuka, akaenda kwenye mashine. Alirudi na kurasa arobaini na sita zikiwa bado na joto. "Kisheria hizi ni zenu," alisema. "Ila tangu nije, hakuna aliyewahi kuziomba."

Zile karatasi zilihamia kibandani. Mbinya alizibana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba inayopita juu ya cherehani, ili azione huku mguu ukikanyaga. Alikuwa na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili isiyo na jalada. Neno gumu alilitafuta humo, akalileta kwenye Kiswahili, halafu akaanza kazi ya pili, iliyokuwa ngumu zaidi: kulivusha kutoka Kiswahili hadi Kikamba. Aliandika kwenye daftari lake la vipimo. Ukilifungua mbele unakuta vifua na viuno na urefu wa mikono. Ukilifungua nyuma unakuta serikali.

Haikuchukua muda kabla wateja hawajaingia kwenye shughuli hiyo. Mtu anakuja kupunguziwa suruali, anaondoka baada ya saa nzima akiwa amebishania neno moja. Mbishi mkubwa kuliko wote alikuwa bibi wa miaka themanini na kitu, Kavindu, ambaye soko zima lilimwita Susu, yaani nyanya. Susu Kavindu hakujua kusoma. Alikuja siku ya kwanza kushonewa pindo, na baada ya hapo akawa anakuja bila nguo.

"Hapa wanasema watafanya *feasibility study* ya bwawa," Mbinya alimweleza. "Kuchunguza kama linawezekana."

"Kabla ya kuchimba kisima, si mzee hutangulia kwenda kuangalia mahali?" Susu alisema. "Anakanyaga, anaangalia majani, anaonja mchanga. Hiyo ina jina lake. Andika." Akalitaja, na Mbinya akaliandika. Lilikuwa neno ambalo hakuwa amelisikia tangu mama yake afe.

Neno lililowasumbua siku tatu ni lile la mkutano wenyewe, ule wa wananchi kushiriki. Mbinya alitaka kuutafutia jina lenye uzito. Akapendekeza *nzama*, baraza la wazee la zamani, lile lililokuwa likikaa kuamua mambo ya utui, yaani kijiji, kizima. Susu Kavindu akakataa mara moja.

"Nzama ilikuwa ya wanaume," alisema. "Mimi niliipikia. Sikuikalia."

"Basi tutafute lingine, Susu."

Wakatafuta. Kila walilopata lilikuwa dogo, kama nguo ya mtoto. Kalunde, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akinyonyesha yule msichana wa mtoni, alitoa mawili, yakakataliwa. Siku ya tatu, bibi aliegemea fimbo yake, akasema, "Andika nzama. Sasa tutaikalia."

Mkutano ulifika mwezi wa Septemba. Ukumbi ni ule ule, meza ni ile ile, na Mwalimu Nzioka akavaa miwani yake kama kawaida. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwenye sauti iliyozoea kunyamazisha wanafunzi mia nne, na nusu ya watu mle ndani walikuwa wamepitia mikononi mwake, Muindi mumewe Mbinya akiwemo. Alipofungua ukurasa wa kwanza, Mbinya alinyoosha mkono. Alishika kiti cha mbele.

"Mwalimu, naomba kwa heshima," alisema. "Naomba isomwe kwa Kikamba."

Kicheko kidogo kilipita nyuma. Mwalimu Nzioka akatoa miwani. "Mama Mbinya, hii ni hati ya serikali. Haina Kikamba."

"Sasa inayo."

Akainua daftari la vipimo. Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa, na mtu mmoja akasema kwa sauti, "Atatusomea viuno!" Hata Mbinya mwenyewe alicheka, na hicho kicheko kikamtuliza. Khalid, aliyekuwa mezani na maofisa, akainama akanong'onezana nao. Kisha akasimama.

"Sheria haikatazi," alisema. "Mwalimu atasoma kifungu kwa Kiingereza, mama atafuata kwa Kikamba. Mimi nitakuwa nikiangalia kama vinalingana. Twendeni."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwanzoni watu walimsikiliza kwa ajili ya kumcheka lafudhi. Alipotamka neno moja kwa namna ya Kitui, wanaume wa mlangoni wakaliiga. Lakini kifungu cha pili kilikuwa cha bwawa, na alipolitumia lile neno la Susu, la mzee anayekwenda kuangalia mahali, wazee wa mstari wa mbele waligeukiana. Mmoja alisema, "Kumbe ndicho wanachotaka kufanya?" na mwingine akajibu, "Basi waambiwe pale walipochagua hapashiki maji." Kwa mara ya kwanza tangu mikutano ile ianze, mtu wa Kavumbuni aliwaambia maofisa jambo walilokuwa hawalijui, nao wakaliandika.

Baada ya hapo hakuna aliyeiga kitu. Ukumbi ulinyamaza ule unyamavu wa watu wanaofuata.

Kwenye kifungu cha kumi na tisa, Mwalimu Nzioka alisoma: zahanati ya Kavumbuni, jengo la kujifungulia, *deferred*. Watu wakaanza tena kupandisha mikono kupiga makofi, kwa mazoea tu. Mbinya akawazuia kwa kiganja.

"Ngojeni," alisema. Daftarini alikuwa ameandika neno la kuahirisha, neno la kawaida, lakini alipolitazama aliona ni baridi mno. Akalitumia lile ambalo mama yake alikuwa akilitumia jikoni Ikutha. "Inasema chungu kimeteremshwa mekoni. Hakijaiva. Kimewekwa chini, na aliyekiweka hajasema atakirudisha lini. Mwaka jana pia kiliteremshwa. Tukapiga makofi."

Mbinya aliona macho ya Kalunde, ameketi karibu na dirisha na mtoto mapajani. Kisha fimbo ikagonga sakafu, na Susu Kavindu akasimama taratibu, akishikwa kiwiko na jirani.

"Nani ameteremsha chungu chetu?" aliuliza.

Alikuwa anauliza kweli, si kwa kejeli, na alitaka jina. Ofisa mmoja, mama wa makamo aliyekuwa kimya asubuhi nzima, alisimama na kumjibu, tena kwa Kikamba. Alisema hakuna mtu mmoja. Kila mwaka mambo huwa mengi kuliko nafasi, na jambo ambalo wananchi hawalitetei ndilo husukumwa. Alisema kwenye orodha ya wadi yao kulikuwa na ukuta wa kuzungushia soko, uliopangwa kufanywa mwaka huo wa mpango. Kama wanataka, wanaweza kubadilisha. Lakini waamue wao, hapo hapo, na iandikwe.

Mjadala ulianza saa sita ukaisha saa kumi kasoro. Wenye maduka walitaka ukuta; walikuwa wameibiwa, na hawakuwa watu wabaya. Mbinya mwenyewe kibanda chake kingekuwa ndani ya ukuta huo, na mtu alimkumbusha. "Najua," alisema, "na bado naomba jengo." Mwishowe walitoka nje wote, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshindwa kuhesabika ndani. Wa ukuta wasimame upande wa tangi la maji, wa jengo upande wa lango. Watu wakagawanyika. Mwenye duka la mbegu alisimama dakika moja kwenye tangi, akamtazama mke wake aliyekuwa langoni na tumbo la miezi saba, akavuka. Wa langoni wakapiga kelele za furaha. Khalid alihesabu mara mbili, wa jengo wakawa wengi, na safari hii kwenye faili hakuandika makofi. Aliandika idadi.

Wiki moja baadaye, Mwalimu Nzioka alifika kibandani. Mbinya alimwona kwa mbali akija, akasimamisha cherehani, maana tangu siku ile walikuwa hawajasalimiana. Mzee alikaa kwenye benchi, akaweka kofia yake gotini.

"Uliniaibisha," alisema.

"Mwalimu, sikukusudia. Nisamehe."

"Nyamaza kidogo, nimalize. Neno lile nililijua. Mwaka ule wa kwanza nililisoma nikijua maana yake, mkapiga makofi, nikashangaa. Nikajiambia, basi wameridhika. Haikunijia kwamba hamkuelewa." Aliizungusha kofia. "Unakumbuka kile kibao?"

Mbinya alikikumbuka. Hakuna mtu wa umri wake asiyekikumbuka. Kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba, mtoto aliyesikika akisema Kikamba shuleni anavishwa shingoni, anakaa nacho mpaka amkamate mwenzake akikisema. Yeye mwenyewe alikivaa Ikutha, darasa la tatu, siku nzima, kwa sababu alikuwa amemwita rafiki yake wakacheze.

"Nimewavisha watoto kile kibao miaka ishirini na sita," Mwalimu Nzioka alisema. "Niliamini nawasaidia. Siku ile ulipokuwa unasoma, nilitazama ukumbi nikaona wanafunzi wangu wamekaa pale, watu wazima, wana wajukuu, na ndiyo mara yao ya kwanza kuelewa mambo yao wenyewe." Akatoa kitambaa, akajifanya anafuta miwani.

Mbinya akamwekea chai.

Alipoimaliza, mzee akanyoosha mkono. "Nionyeshe hilo daftari." Alilisoma kurasa kadhaa, akakunja uso, na ile sauti ya zamani ikarudi. "Tahajia yako ni mbovu. Umesahau alama juu ya herufi kila mahali. Biblia ya Kikamba unayo nyumbani na huitazami inavyoandikwa? Nipe kalamu."

Tangu siku hiyo walikuwa watatu: Susu Kavindu wa kuyajua maneno, Mbinya wa kuyapanga, Mwalimu Nzioka wa kuyaandika sawasawa. Wakati jengo la kujifungulia linapanda jiwe kwa jiwe, daftari nalo lilinenepa. Khalid alilipiga picha kwa simu ukurasa baada ya ukurasa, akalichapa kwenye kompyuta ya ofisi, akalipeleka mjini Wote, makao makuu ya kaunti, kwenye kikao cha wasimamizi wenzake. Wadi ya jirani ikaomba nakala. Kisha nyingine. Watu ambao Mbinya hakuwafahamu walikuwa wakisimama mbele ya kibanda na kuuliza, "Ni wewe mama wa maneno?"

Barua iliyomshtua ilitoka ng'ambo. Kikundi cha wanawake cha Ikutha kilikuwa kimesikia habari, nao walikuwa na mkutano wao wa wadi. Walitaka aje awafundishe namna ya kuutayarisha. Mbinya aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, kisha akamsomea Muindi, aliyekuwa ameshuka kutoka Makindu kwa siku zake za mapumziko.

"Huko si kwenu?" Muindi alisema. "Wa kwenu ndio wanaokuita mwalimu. Vaa ile nguo ya bluu."

Alikwenda na Mwalimu Nzioka. Walikuta wanawake arobaini ndani ya darasa, na nje ng'ombe na mbuzi wa siku ya mnada wakipitishwa, vumbi limetanda. Mbinya alifungua daftari kwa majivuno kidogo, akaanza kusoma maneno. Hakufika la kumi. Mama mmoja mrefu, jina lake Mbula, alisimama.

"Dada, hilo ni neno la kwenu huko," alisema. "Sisi hatusemi hivyo."

Mbinya alitaka kucheka na alitaka kulia. Miaka thelathini Makueni alikuwa mtu wa Kitui. Sasa Kitui alikuwa mtu wa Makueni. Wengine wakaanza kuunga mkono, kila mtu na neno lake, na Mwalimu Nzioka akaingilia kwa kusema kwamba neno la Makueni ndilo lililo kwenye maandishi. Hapo ndipo darasa likawaka. Mbula aliuliza kama Mungu alianza kuumba Wakamba upande gani wa mto.

"Mwalimu, ngoja," Mbinya alisema. Aligeukia ubao, akachukua chaki, akachora mstari wa kwenda chini katikati. "Huu ni Athi," alisema. "Huku wa huku, huku wa huku. Kila neno liandikwe pande zote mbili. Mtu akisoma akiwa kwao, asome lake. Akivuka, asome la wenyeji."

Mbula akaja mbele, akamwomba chaki, akaandika neno lake la kwanza upande wa Kitui. Walifanya kazi mpaka mnada ukaisha na ng'ombe wakaondoka. Kwenye maneno mia mbili na kidogo, ni thelathini na manne tu yaliyotofautiana. Mengine yote yalikuwa yale yale, na wanawake wa Ikutha walionekana kushangaa kuliko mtu yeyote.

Kitabu kilichapishwa mwaka uliofuata, kidogo, cha rangi ya udongo, safu mbili kila ukurasa. Kilizinduliwa siku moja na kufunguliwa kwa jengo la kujifungulia, kwa kuwa Khalid aliona hakuna haja ya kuwachosha watu kwa sherehe mbili. Kwaya iliimba. Wacheza ngoma wa Kavumbuni waliruka mpaka vumbi likafika paa jipya. Wageni wa heshima walizungumza, na kila mmoja, hata yule aliyekuja na hotuba iliyochapwa kwa Kiingereza akaikunja, alisema kwa Kikamba, wengine wakijikwaa na kusaidiwa na umati. Jalada lilikuwa na majina matatu, na la kwanza lilikuwa la Kavindu. Mbinya ndiye aliyesisitiza. Walimpa bibi nakala ya kwanza. Hakuweza kuisoma, lakini aliifungua, akapitisha kidole chini ya mistari kama alivyowaona wengine wakifanya, na akauliza, "Nzama iko wapi hapa?" Mwalimu Nzioka akainama akamwonyesha. Bibi akaweka kidole juu ya neno hilo na hakukiondoa hadi hotuba zilipokwisha.

Mtoto wa kwanza alizaliwa katika jengo lile siku ya nne, asubuhi, wa mwenye duka la mbegu, wa pili kwake. Yule wa tumbo la siku ya kura alikuwa tayari anatembea. Mbinya alikwenda kumtazama huyo mchanga. Kulikuwa na kitanda chenye shuka nyeupe, maji ya bomba, na muuguzi aliyemwambia ashushe sauti. Alitoka nje akasimama barazani, akaushika ukuta kwa kiganja, jiwe lenye baridi na lililonyooka. Mtu aliyepita akamsalimia na kumuuliza anatafuta nini. "Sitafuti," Mbinya alisema. "Nimefurahi tu."

Mwaka huu, mkutano wa wadi ulipoitishwa, hakuwa yeye aliyesoma. Kamati ilikuwa imechagua wasomaji wapya, na zamu ilikuwa ya Kalunde, ambaye alifanya mazoezi wiki mbili akiwa anapika, akiwa anafua, akiwa shambani. Mpango wenyewe ulikuja umeshaandikwa kwa Kikamba kutoka ofisini, na ule wa Kiingereza ukiwa nyuma yake. Mwalimu Nzioka hakuwa tena mwenyekiti. Alikaa na watu wengine, kofia gotini, akiitikia kwa kichwa kila alama iliposomwa vizuri.

Mbinya alikaa katikati ya ukumbi, kwenye benchi kama mtu yeyote. Alijiona mwepesi. Hakuwa na daftari wala neno la kulinda. Sauti ya Kalunde ilikuwa wazi, haikuwa na haraka, na mambo ya wadi yao yalimjia moja moja kama habari za nyumbani: ghala la maembe, mtaro wa barabara ya kwenda mtoni, bwawa lililohamishwa pale wazee waliposema. Kwenye mtaro alisikia kitu ambacho hakikumkaa sawa. Akakisikiliza tena kichwani. Ndiyo, alikuwa ameelewa vizuri.

Akanyoosha mkono.

"Ndiyo, mwaitu," Kalunde alisema kutoka mbele, akijizuia kutabasamu. "Uliza."

"Huo mtaro," Mbinya alisema, "maji yake mmeyaelekeza shamba la nani?"

Maofisa wakainamia ramani. Ukumbi mzima ukageuka kusikiliza jibu.